Fungu la Mbuyi

Siku ile mpumbavu alikuwa mimi. Ninasema mapema, ili usihangaike kumtafuta katikati ya hadithi.

Jina langu ni Liévin. Nakaa Kasungami, pale ambapo Lubumbashi inachoka kuwa mji na kuanza kuwa mashamba. Miaka minane nilisukuma baiskeli ya makala, yaani makaa, kutoka porini. Mgongo uliposema basi, nikawa relais. Relais ni mtu wa mtaa anayepita nyumba kwa nyumba kwa ajili ya centre ya afya. Hana koti jeupe. Ana daftari, kofia na mdomo. Mdomo wangu ni mrefu kuliko daftari.

Kila Alhamisi tunapima watoto. Mwezi wa saba asubuhi ni baridi. Moshi wa matanuru ya matofali hautaki kupanda, unalala chini kama mtu aliyekosa usingizi. Akina mama wanatoka ndani ya moshi ule mmoja mmoja, watoto mgongoni, kimya. Ungefikiri moshi wenyewe unawazaa.

Mtoto anatundikwa kwenye mizani. Miguu inaning'inia, macho yanashangaa. Kisha tunapima mkono wake kwa utepe wa rangi tatu. Kijani ni vizuri. Njano, hatari inabisha hodi. Nyekundu, hatari imekwisha ingia na kupewa kiti.

Mkono wa Kabanga ulikuwa kwenye nyekundu.

Kabanga ni msichana. Wakati ule alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Mama yake, Benita, anashona nguo nyumbani. Baba yake anafanya kazi Kolwezi na anarudi mara chache. Kila Alhamisi tulimpa Benita sachet kumi na nne, vifuko vidogo vya pâte, ile iliyotengenezwa kwa karanga, maziwa, sukari na vitamini. Mbili kwa siku. Mtoto aliyekonda akizila zote, mwili unarudi. Nimeona kwa macho yangu.

Lakini mwili wa Kabanga haukurudi. Juma la kwanza, kilo sita. Juma la pili, kilo sita. Juma la nne, sita kasoro.

“Anakulaka?” nilimuuliza Benita.

“Anakulaka, Tata Liévin.”

“Zote?”

Alitazama moshi kidogo.

“Anakulaka.”

Hapo nikajua. Yaani, nilifikiri nimejua, na hilo ni jambo jingine kabisa. Nilisema moyoni: huyu anauza pâte. Wako watu wazima wanaoinunua na kuipaka kwenye mkate. Siku ya pili nikaenda kwake bila kutangaza.

Mlango ulikuwa wazi. Cherehani ilikuwa inalia taratibu, Kabanga amelala juu ya mkeka karibu na mguu wa mama yake. Pembeni kulikuwa na visahani viwili. Kimoja kilikuwa kimerambwa. Cha pili kilikuwa na pâte, nusu ya sachet nzima, na sisimizi walikuwa wamepanga mstari kutoka ukutani mpaka pale.

“Eh, Mama Benita!” nilicheka. “Kumbe mwezi muzima tunanenepesha sisimizi!”

Hakucheka. Alisimamisha cherehani.

“Ile ni ya Mbuyi.”

“Mbuyi nani?”

“Ndugu yake.”

Nilitazama kitanda, nikatazama nyuma ya pazia. Hakukuwa na mtoto mwingine.

“Eko wapi?”

“Alitangulia. Mwezi wa tatu.”

Sasa nisikilize. Kwa Baluba wa Kasai, mapasa, yaani mapacha, wakizaliwa, wa kwanza anaitwa Mbuyi, wa pili Kabanga. Mtu yeyote wa Lubumbashi anajua hivyo, hata muuza vitumbua. Jina Kabanga peke yake lilitosha kuniambia kwamba kuna Mbuyi. Mwezi mzima nililiandika jina lile kwenye daftari. Sikulisikia hata siku moja.

Na bado sikunyamaza. Mimi ni mtu wa kundi la maombi. Nilivua kofia, nikafunga macho, nikapaza sauti. Niliamuru kila roho ya kaburi itoke ndani ya nyumba ile. Niliamuru mpaka Kabanga akaamka na kulia. Kisha nikachukua kile kisahani, nikakimwaga nje. Kuku wa jirani walishangilia sana.

Benita alinitazama tu. Uso wake ulikuwa mbali, kama uso wa mtu anayepita ndani ya ndege huku wewe uko chini.

Alhamisi iliyofuata hakuja. Nilikwenda kwake, akajibu nyuma ya mlango: “Mutoto analala.” Alhamisi ya pili hakuja tena. Sachet za Kabanga zilibaki ndani ya kabati ya centre. Nesi alifunga kabati, akanigeukia.

“Mutoto wa nyekundu, wiki mbili bila dawa. Liévin, tutamupoteza huyu.”

Mchana ule nililala kidogo nyumbani, bati likialika juu yangu kwa jua. Nikaota. Sisimizi walikuwa wamepanga mstari kutoka Kasungami mpaka uwanja wa ndege wa Luano. Kila mmoja alibeba punje ya karanga. Mwisho wa mstari palikuwa na ndege ndogo, nyeupe, mlango wazi, na hakuna aliyepanda. Nilitaka kumwita rubani. Mdomo wangu ulikuwa umejaa pâte.

Niliamka nimelowa jasho. Nikaenda moja kwa moja kwa Mama Joséphine.

Mama Joséphine ndiye assistante sociale wa centre yetu. Kazi yake si sindano. Anashughulikia yale yanayomzuia mtu asifikie sindano: hofu, ugomvi, ukiwa. Jumapili yuko kanisani, safu ya mbele. Lakini kazini sijawahi kumsikia akihubiri. Nilimweleza yote. Alisikiliza huku akimenya chungwa.

“Uliomba?”

“Niliomba, Mama.”

“Yeye alikuambia umuombee?”

“Hapana.”

“Basi hukumuombea. Ulimupigia kelele.”

“Lakini Mama, kulisha mufu! Ile mambo iko ya Mungu kweli?”

“Miye sikutumwa kupima kama iko ya Mungu. Nilitumwa Kabanga apone.” Alinipa kipande cha chungwa. “Sikiliza, Liévin. Muntu akiwa mu shida, ile anaamini njo fimbo yake ya kutembelea. Ukimunyanganya, usishangae akianguka.”

“Na kama ile fimbo inapiga mutoto?”

“Njo pale tunamuuliza mwenyewe tuishike namna gani. Tunauliza. Hatuchekelei, hatufukuze mapepo. Kesho unakuja na miye. Lakini mudomo yako, utaiacha hapa pa meza.”

Kesho yake tulikwenda. Mlangoni Mama Joséphine hakutaja kilo, hakutaja sachet.

“Jambo, mama mapasa,” alisema.

Mlango ulifunguka. Benita alisimama pale, mikono imeanguka. Tangu mwezi wa tatu hakuna aliyemwita vile. Watu walidhani wanamhurumia, wakimwita Mama Kabanga.

Mama Joséphine aliketi chini juu ya mkeka. Alimtazama Kabanga, akamgusa mguu. Kisha akasema:

“Tuambie habari ya Mbuyi.”

Benita aliketi karibu naye. Mwanga uliingia kwa tundu za bati na kutembea ukutani. Halafu maneno yakaanza kutoka, polepole, kama maji ya bomba baada ya siku tatu za ukavu. Mbuyi alicheka mapema kuliko dada yake. Akinyonya, alishika sikio la Kabanga. Alipata homa siku tatu, na siku ya nne hakuamka.

“Kwetu, pasa akifa habamulilie,” alisema. “Banamuimbia. Lakini bamama ba maombi balifika, balisema nyimbo za mapasa ziko muchafu. Kaku wake, mama ya baba yao, alikasirika, alirudia kwake Katuba. Miye nilikuwa katikati. Mbuyi alienda bila wimbo.”

“Na tangu pale?”

“Anakujaka. Mu ndoto. Moshi ya asubui inajaa pa mulango, yeye anasimama ndani. Hasemi kintu. Anafungua mukono tu.”

“Unaona anataka nini?”

“Fungu yake. Mapasa banakulaka sawa sawa. Ukipa huyu, unapa na ule.” Sauti yake ilishuka. “Nikimunyima, ataita dada yake.”

Kumbe mwanamke huyu hakuwa analisha sisimizi. Alikuwa amemshika Kabanga mguu ili asivutwe aende. Kile kilichokuwa kinammaliza mtoto ndicho mama alichokifanya ili mtoto asife. Na mimi nilikitupia kuku.

Mama Joséphine hakumwambia kwamba ndoto ni kweli. Hakumwambia kwamba ni uongo.

“Umebeba woga mukubwa peke yako,” alisema. “Unasalia wapi?”

“Ku Méthodiste. Nilikuwa naimba mu chorale. Siendi tena. Naona haya.”

“Unataka kurudi?”

“Nataka.” Alimfuta Kabanga pua. “Lakini na Mbuyi, siwezi kumuacha vile. Naweza kutaka byote mbili?”

“Ni nani alikukataza? Mu jamaa yenu, nani anajua mambo ya mapasa?”

“Kaku Delphine, mama ya bwana yangu. Yeye pia alizaa mapasa.”

“Unaruhusu tumuite?”

Ndege ilipita juu, ikishuka Luano.

“Mumuite,” alisema Benita.

Siku ile ile nesi alikuja kumtazama Kabanga. Hakuwa na homa, na hamu ya kula alikuwa nayo. Angeweza kutibiwa nyumbani, alisema, lakini hatukuwa na juma lingine la kupoteza.

Jumamosi Kaku Delphine alifika kutoka Katuba. Ni mama mfupi, kitenge kimefungwa juu kabisa, macho hayakosi kitu. Aliyaelekeza kwangu.

“Njo huyu alitupia kuku fungu ya mujukulu yangu?”

“Ni miye, Kaku.”

“Kuku balinenepa?”

“Kidogo, Kaku.”

“Asante kwa kuku.”

Akaketi. Mama Joséphine akampa sachet moja mkononi. Kaku aliigeuza, akainusa, akaibonyeza.

“Hii ni chakula ao ni dawa?”

“Iko tamu kama chakula, Kaku, lakini ni dawa,” alisema Mama Joséphine. “Tunahesabu sachet kufuatana na kilo za mutoto. Akipata nusu, anapona nusu, na nusu haitoshi. Ni yake peke yake, habaigabule hata na mutoto mwingine muzima mu nyumba.”

Kaku akamgeukia Benita.

“Mbuyi alipokuwa na homa, sirop ulimupa nani?”

“Mbuyi.”

“Na Kabanga?”

“Hapana. Hakuwa na homa.”

“Alikasirika?”

“Hapana, Kaku.”

“Weye mutoto!” Kaku alipiga mikono. “Mapasa banagabula chakula. Banagabula nguo, banagabula nyimbo. Dawa habaigabule. Mbuyi hagonjwe tena. Ugonjwa yake iliisha. Unamupatia dawa ya nini?”

Benita alifunika uso kwa kitenge.

“Lakini mukono yake, Kaku. Anaufungua.”

“Anaufungua sababu hatukumuimbia! Mutoto alienda safari bila wimbo, na weye unamutumia karanga.” Sauti ya Kaku ikalainika. “Na miye pia nilikosa. Niliondoka na hasira, nikaacha mujukulu yangu pa njia. Simama, mama mapasa. Tumuimbie.”

Benita alisimama. Halafu akasita.

“Naweza kuomba Baba Yetu mbele?”

“Omba. Mungu eko na masikio mbili.”

Akaomba, kwa sauti ndogo. Kisha Kaku akaanza.

Sijui kama umewahi kusikia nyimbo za mapasa. Ndani yake kuna matusi. Ndiyo desturi: baba wa mapasa anatukanwa, mama anatukanwa, jirani anatukanwa, na kila mtu anafurahi. Jirani walitoka nyumba zao wakaja, wengine na mwiko wa bukari, ugali wetu, bado mkononi. Kaku alinisukuma katikati. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yangu. Wakaimba masikio yangu, wakaimba kofia yangu, wakaimba mgongo wangu wa makala. Mengine siwezi kuandika, labda unasoma hapa karibu na mama mkwe wako. Mimi, mtu wa kundi la maombi, nilicheka mpaka machozi yakatoka.

Vumbi lilipanda, jua la saa kumi likaingia ndani yake, na watu wote wakawa rangi ya asali. Ndani ya vumbi lile nilimwona Benita. Alikuwa anacheza na Kabanga mgongoni. Kinywa chake kilikuwa wazi, anaimba kwa nguvu, na hakuonekana kama mtu anayeogopa chochote duniani.

Mama Joséphine alipiga makofi, lakini hakuimba. Baadaye nilimuuliza sababu.

“Ile haiko wimbo yangu,” alisema. “Kazi yangu ilikuwa kuleta mwenyewe wa wimbo.”

Tangu siku ile mambo yalikwenda hivi. Asubuhi Benita anaomba. Kisha anaweka maji safi ndani ya kisahani cha Mbuyi na kumwimbia, wimbo mmoja. Hilo ndilo fungu lake. Kisha ananawa mikono kwa sabuni, anafungua sachet, na Kabanga anakula yote, mpaka anaramba karatasi. Jioni vivyo hivyo. Maji ya kunywa yanakuwa karibu, maana pâte inaleta kiu. Nilipita mara mbili kwa juma. Nilibisha hodi kwanza. Niliuliza, “Mbuyi namna gani?” kabla ya kuuliza Kabanga.

Kwa ruhusa ya Benita, Mama Joséphine alizungumza na mkubwa wa chorale. Jumapili moja akina mama wawili walikuja kumchukua. Hawakuuliza kitu. Walisema tu sauti yake imekosekana.

Kilo sita na nusu. Kilo saba. Mwezi wa tisa jacaranda za mjini zilichanua, na utepe ukatoka kwenye nyekundu, ukaingia njano. Mwezi wa kumi, joto likiwa kali na mvua bado inasitasita, nilifunga utepe kwenye mkono wa Kabanga. Nikaufunga tena, maana siamini macho yangu haraka siku hizi. Kijani. Mwenyewe aliukamata akataka kuula.

“Na ndoto?” nilimuuliza Benita.

“Anakujaka bado, mara moja moja. Lakini sasa anapita tu. Anatembea mu moshi na anaangaliaka mbele.”

Ningeweza kuishia hapo. Lakini Alhamisi ile alikuwepo msimamizi kutoka mjini, kijana aitwaye Précieux, suruali imepigwa pasi, kompyuta ndogo mkononi. Si mtu mbaya. Alikuja kukagua fiche zetu, zile karatasi za kila mtoto, na fiche ya Kabanga ilimsimamisha.

“Mama Joséphine, hii nyumba moja ulipita mara ine. Na hapa uliandika: ‘kaku, wimbo, chorale.’ Ni nini hii?”

“Ni kazi.”

“Kwa fiche kuko nafasi ya kilo, ya mukono, na ya sachet. Nafasi ya wimbo haiko. Mu ripoti nitaweka nini?”

“Weka nilimuuliza mama kile kinamupa nguvu, na kile kinamuogopesha. Weka pia alijibu.”

“Siye ni bantu ba afya, Mama. Mambo ya roho tuachie bapasta.”

“Hata pasta akiingia bila kuuliza, anaharibu,” nilisema. “Niulize miye.”

Précieux alicheka kidogo. Hakuwa amekasirika. Alikuwa na haraka, na fiche nyingine kumi na mbili za kukagua. Alimtazama Kabanga, ambaye sasa alikuwa ananivuta suruali, akatikisa kichwa.

“Tuseme kweli,” alisema. “Huyu mutoto aliponeshwa na pâte. Pâte tu. Zile zingine ni kupoteza wakati.”

Benita alikuwa anafunga kitenge chake, tayari kwenda. Miezi yote ile, pale centre, mbele ya wakubwa hakuwahi kusema zaidi ya maneno matatu. Aliinua uso.

“Pâte ilikala mu nyumba yangu mwezi muzima, Papa. Sababu gani haikumuponesha?”